Nyumba Namba Kumi na Mbili

Ngendo aliyaona maji kabla hajaufikia mlango. Yalikuwa yakipenya chini ya kizingiti, yakishuka ngazi ya saruji na kujitafutia njia kwenye udongo mwekundu. Akafurahi. Alidhani mumewe ameshindwa kujizuia, amefungua mfereji ili ahakikishe kwamba kweli maji yanatoka ndani ya nyumba kama walivyoambiwa. Mwenyewe alikuwa na debe la maji kichwani, amelibeba mwendo mrefu kuja kudekia, akajicheka kwa kujisumbua bure.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Agosti, mwaka 1958, yapata saa kumi alasiri. Asubuhi ile baraza la mji lilikuwa limekabidhi funguo za nyumba kumi na mbili mpya hapo Thika, na namba kumi na mbili ilikuwa yao.

Alisukuma mlango. Bedan Ndung'u alikuwa amelala kifudifudi kati ya chumba cha mbele na jikoni, ufagio chini ya kifua chake, maji yakimzunguka. Kisogo kilikuwa kimebonyea. Ngendo hakupiga kelele mara moja. Aliliteremsha debe taratibu, kama anayeogopa kumwaga, kisha ndipo sauti ikamtoka na majirani wapya wakaanza kukimbilia pale.

Inspekta Kaleli alifika baada ya dakika arobaini. Alikuwa Mkamba wa Machakos, mfupi, mwenye miaka kumi na minne ya polisi na uvumilivu mdogo kwa watu wanaosema uongo wakati ukweli ungewafaa zaidi. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini pamoja na Konstebo Odhiambo.

Tusidanganyane. Kila aliyeingia mle ndani siku ile aliitamani ile nyumba, maiti au si maiti. Vyumba viwili, jiko lenye dohani, sakafu ya saruji, madirisha matatu ya vioo, na mfereji ndani kwa ndani. Odhiambo, aliyekuwa akipima umbali kutoka kwa mwili hadi ukutani, alipima pia upana wa chumba cha kulala, ambacho hakikuhusika na kesi hata kidogo. Kaleli alimwona akanyamaza. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaigonga dohani kwa kidole kuona kama ni matofali ya kweli.

Daktari wa serikali alisema pigo ni moja, la nyuma, la chuma kizito, na marehemu hakuwa na jeraha lolote la kujikinga. Alikuwa amekufa kati ya saa nane na saa tisa na nusu. Silaha haikuwa mbali. Kipande cha nondo kilichoachwa na mafundi kilipatikana nyuma ya nyumba, kimetumbukizwa kwenye pipa la chokaa, na chokaa ilikuwa imekula alama zote za vidole.

Kaleli aliurudia mfereji mara tatu. Haukuwa umeachwa wazi. Ulikuwa umepigwa mpaka kichwa chake kikang'oka, na maji yalikuwa yakiruka hadi fundi wa baraza alipokuja kuyafunga barabarani. Vioo vya madirisha yote matatu navyo vilikuwa vimevunjwa, kimoja baada ya kingine, kutoka ndani. Majirani walisikia kugongagonga, lakini Jumamosi ile kila mtu alikuwa akigonga misumari yake, nani angejali?

"Walipigana, afande?" Odhiambo aliuliza.

"Mtu alipigwa akiwa amegeuka. Vita vilikuwa na madirisha."

Jumapili asubuhi Kaleli alikwenda Majengo, kwenye chumba alichopanga Bedan. Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la magunia, na upande wa pili wa pazia aliishi mtu mwingine kabisa na kikohozi chake. Ngendo alikuwa ameketi sakafuni, wanawake wawili wa kanisa kando yake. Watoto watatu walikuwa wamejipanga kitandani wakinywa uji, kila mmoja na kikombe chake.

Aliyekuwa akiendesha mambo ni Kagwe, mwanamume mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi. Alikuwa ameleta nusu gunia la unga kwa baiskeli kutoka Ruiru, na sasa alikuwa akipatana na seremala juu ya mbao za jeneza. Alimweleza Kaleli kwamba yeye na marehemu ni rika moja. Walitahiriwa mwaka mmoja, wakaingia kiwanda cha magunia siku moja, mwaka 1949. Yeye ndiye aliyemfundisha Bedan ile mashine ya kusokota. Yeye ndiye aliyemwazima koti la harusi. Hata fomu ya kuomba nyumba ni yeye aliyemjazia, kwa sababu mkono wa Bedan haukuwa mwepesi kwa kalamu. Aliyataja yote hayo machozi yakimtoka, na hakusahau hata moja.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Umeumia?"

"Mashine, bwana Inspekta. Kiwandani."

"Jana ulikuwa wapi mchana?"

"Tulifunga kazi saa sita. Nilipanda baiskeli nikaenda nyumbani Ruiru moja kwa moja. Nilikuwa shambani nikilima viazi."

Kaleli aliandika, akamgeukia mjane. Alimuuliza kama Bedan alikuwa na adui. Ngendo alitikisa kichwa.

"Bedan hakuwa mtu wa kuonewa wivu," alisema. "Alikuwa nyuma kila siku. Watu walimpenda kwa sababu hiyo. Sasa ile orodha ya nyumba ilipobandikwa, hata salamu zilibadilika. Mtu anakuita mama Ndung'u vizuri, lakini macho yake yanasema mengine."

Kisha, Kaleli alipokuwa akiinuka, akauliza swali ambalo bila shaka lilikuwa limemkosesha usingizi. Alitaka kujua kama watamnyang'anya ile nyumba. Alisema amelala miaka saba akimsikia mtu wa nyuma ya pazia akigeuka kitandani. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na kifua kibovu kwa sababu ya ile sakafu ya udongo. Kama nyumba itakwenda, basi Bedan amekufa na kila kitu.

"Sijui, mama," Kaleli alisema, na ilikuwa kweli.

Jumatatu aliketi na Dismas, karani wa nyumba wa baraza la mji. Dismas alitoka upande wa Kakamega, alivaa miwani, na aliamini kwamba jambo lolote likijumlishwa vizuri haliwezi kuleta ugomvi. Alikuwa na fomu mia mbili na sita za kugombea nyumba kumi na mbili.

Alimweleza Kaleli jinsi walivyochagua. Ndoa yenye cheti, pointi tatu. Kila mwaka wa kazi mjini, pointi moja. Chumba kibovu, hadi pointi nne, kwa jinsi yeye mwenyewe atakavyokikuta. Kila mtoto, pointi mbili, lakini awe mtoto aliyeonekana kwa macho akilala pale. Kwa hiyo Dismas alikuwa akizunguka saa kumi na moja alfajiri, akitangaza siku ya kila mtaa bila kutaja nyumba ya nani, akihesabu vichwa juu ya mikeka. Wenye pointi nyingi walipata, waliobaki walingoja ujenzi mwingine. Hakukuwa na mjomba wala shangazi katika jambo hilo.

"Bedan alikuwa na ngapi?"

"Ishirini na nne. Mtu wa kumi na mbili. Wa mwisho kupata."

"Na wa kumi na tatu?"

Dismas alisafisha miwani yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Philip. Fundi wa kiwanda cha ngozi. Ishirini na tatu."

Saa nane mchana Philip alikuwa ameketi mbele ya meza ya Kaleli. Alikuwa mtu wa Bungoma, mpole, mwenye mikono iliyobadilika rangi kwa dawa za ngozi. Mkewe Nelima alikuwa nje ya kituo na watoto wao wanne. Mashahidi walikuwa wamekwisha kusema kwamba siku orodha ilipobandikwa, Philip aliisoma mara mbili, akasema mbele ya watu kwamba mwaka huu wengine wamehesabiwa mpaka kuku.

"Ulimwonea wivu Bedan?"

"Nilimwonea."

Kaleli hakuwa amezoea kujibiwa hivyo. "Jumamosi saa nane ulikuwa wapi?"

"Nilienda kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Nyumba. Ile ya mwisho. Nilisimama pale kwa seng'enge. Nikamwona akifagia, anaimba kidogo. Halafu nikarudi kwangu."

"Kuna mtu alikuona ukirudi?"

"Hapana. Nilipita njia ya nyuma. Nilikuwa na aibu."

Superintendenti, Mzungu mwenye haraka ya kwenda likizo, aliona hiyo yatosha. Mtu alikuwa na sababu, alikuwa mahali penyewe, na alikiri wivu kwa kinywa chake. Philip akatiwa ndani. Kaleli alipewa hadi Alhamisi kuandaa mashtaka ya kuua kwa kukusudia, na kosa hilo lilikuwa na adhabu moja tu.

Jioni ile wajumbe wa baraza waliketi. Walimhurumia mjane. Walisema pointi ni za familia nzima, wala si za baba peke yake, na kwa kuwa zilikwisha kuhesabiwa, Ngendo atie sahihi siku ya Alhamisi na kuhamia. Dismas ndiye aliyempelekea habari. Aliporudi alimwambia Kaleli kwamba yule mama aliushika mkono wake kwa mikono miwili.

Kaleli alipaswa kufurahi. Badala yake Jumanne asubuhi alirudi kwenye nyumba namba kumi na mbili, akasimama jikoni akiutazama ule mfereji uliovunjika, na hasira ikaanza kumpanda.

"Odhiambo, wewe ungependa nyumba hii?"

"Nani asiyependa, afande?"

"Tuseme umeua mtu ili uipate. Juma lijalo unahamia. Ungeuvunja huu mfereji?"

Odhiambo alifikiri. "Ningeufuta vumbi," alisema.

Hilo ndilo lililokuwa likimsumbua Kaleli tangu Jumamosi. Walikuwa wametafuta mtu ambaye angefaidika, na mtu anayetaka kuhamia havunji vioo vyake mwenyewe. Aliyefanya hivi alijua kwamba nyumba hii haitakuwa yake kamwe. Alitaka isimfae mtu mwingine pia. Ilibidi watazame chini ya orodha, kwa waliokosa kabisa. Hao, ukimwondoa Philip, walikuwa mia moja tisini na watatu.

Alianza na waliomjua Bedan. Katika kabati la Dismas alitoa fomu za wafanyakazi wote wa kiwanda cha magunia, akazisoma moja moja. Mchana ulipita. Karibu na saa tisa alifika kwenye fomu ya Kagwe wa Ruiru, pointi ishirini, mtu wa thelathini na tisa. Chini kabisa Dismas alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mdogo: *Watoto waliotajwa watatu. Waliohesabiwa wawili. Mmoja, msichana wa miaka saba, alikwisha kutiwa rangi.*

"Rangi gani hii?"

Dismas alionekana kujivunia kidogo. Mwaka uliotangulia, alisema, walikuta mtoto mmoja ana baba watano. Watu walikuwa wakiazimana watoto. Karani akiingia mtaa huu, watoto wa mtaa ule wameletwa kulala, na kesho wanahama naye. Kwa hiyo safari hii alichukua zahanati chupa ya ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda, na kila mtoto aliyemhesabu alimpaka kwenye kidole gumba. Haitoki kwa siku kumi. Hakumwambia mtu yeyote kabla, hata mkewe.

"Na mwenye rangi ukimkuta tena?"

"Kanuni inasema hahesabiwi mara ya pili. Haisemi nimfukuze mzazi."

"Ruiru ulikwenda siku gani?"

"Alhamisi."

"Na kwa Bedan?"

Dismas alifungua daftari. "Jumanne. Siku mbili kabla." Akasoma fomu ya Bedan kwa sauti. Ndoa, pointi tatu. Kazi miaka tisa, pointi tisa. Chumba kibovu, pointi nne. Watoto wanne, pointi nane.

Kaleli aliona kile kitanda cha Majengo, na vikombe vitatu vya uji.

Alikwenda peke yake. Ngendo alikuwa akifunga vyombo kwenye shuka, tayari kwa kuhama Alhamisi. Alikuwa amevua kitambaa cha kilio ili afanye kazi, na usoni alikuwa na kitu kilichokaribia kuwa nafuu. Kaleli alichukia kazi yake kwa muda.

"Mama, una watoto wangapi?"

Mikono yake ilisimama. 

"Fomu inasema wanne. Mimi nimeona watatu."

Angeweza kumdanganya. Wapelelezi wengi wangemwambia kwamba ni swali dogo tu, la kukamilisha karatasi. Kaleli alivuta kigoda akaketi, akamweleza yote kama yalivyo. Kama mtoto wa nne aliazimwa, pointi mbili zitafutwa, na nyumba itakwenda. Kama atanyamaza, Alhamisi atatia sahihi na hakuna atakayemgusa. Lakini Philip yuko ndani, ana mke na watoto wanne, na Kaleli haamini kwamba ndiye aliyeua.

"Huyo mtoto anahusu nini na kifo cha Bedan?"

"Niambie alikuwa wa nani, nami nitajua."

Ngendo alitazama pembeni ya chumba. Pale palikuwa na nusu gunia la unga, limefunguliwa, limeshaliwa robo. Alilitazama kwa muda mrefu sana, na Kaleli akaona kwamba alikuwa akifika mwenyewe, hatua kwa hatua, mahali ambapo yeye alikwisha kufika.

"Nikinyamaza, hii nyumba ni yangu," alisema taratibu.

"Ni yako."

"Na yeye atakuwa anakuja kututembelea. Anatuletea unga."

 Nyuma ya pazia yule mtu alikohoa.

"Wamboi," Ngendo alisema. "Ni Wamboi wa Kagwe. Aliletwa na gari moshi jioni ya Jumatatu, akalala na wangu. Wazo lilikuwa la Kagwe mwenyewe. Alisema, wewe Bedan na watoto wako watatu hutafika, chukua wangu usiku mmoja, karani akija Ruiru atakuwa amerudi. Hatukujua habari ya dawa."

Aliendelea bila kuulizwa. Siku orodha ilipobandikwa, Kagwe alikuja kuwapongeza. Alikula, akacheka, akawashika watoto vichwa. Alipofika mlangoni akamwambia Bedan kwamba ile nyumba ni kidole cha mtoto wake.

"Alikuwa anacheka wakati anasema," alisema Ngendo. "Sisi pia tukacheka."

Alitia sahihi maelezo yake, polepole, kwa herufi kubwa. Kisha akaanza kufungua lile shuka na kurudisha vyombo mahali vilipokuwa.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya miguu. Jumatano asubuhi Odhiambo alikwenda kiwandani. Kitabu cha zahanati ya kiwanda hakikuwa na jina la Kagwe, na nyapara alisema Jumamosi mchana Kagwe aliondoka na mikono yake yote miwili mizima. Kaleli naye alikwenda Ruiru. Nyakati zile za hali ya hatari, Mkikuyu hakupita kizuizi cha barabarani bila kuonyesha kitabu chake cha kusafiria, na askari wa zamu aliandika kila jina na saa. Kagwe hakuwa amepita saa saba wala saa nane. Alipita saa kumi na moja kasorobo, kwa baiskeli, akitoka Thika. Mbele ya jina lake askari alikuwa ameongeza kwamba mkono unatoka damu.

Magdalene, mke wa Kagwe, alimkaribisha Kaleli kwenye kigoda nje ya chumba chao, karibu na mashamba ya kahawa. Hakuuliza amefuata nini. Alieleza kwamba karani alipokuja ile alfajiri ya Alhamisi, Kagwe alikuwa amekesha akimsugua mtoto kidole kwa majivu na ndimu mpaka ngozi ikachubuka. Rangi haikutoka. Tangu siku hiyo alikuwa akila kimya. Jumamosi alirudi na suruali imelowa hadi magotini, akaifua mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja tangu wafunge ndoa.

"Nilijua," Magdalene alisema. "Nikawa namwomba Mungu nisiwe najua."

Walimkamata Kagwe makaburini Thika, akiwa ameshika sururu kwa mkono mmoja, akiwaelekeza wachimbaji wa kaburi la Bedan. Hakukimbia. Philip alifunguliwa adhuhuri ile ile, na maelezo ya Ngendo yakapelekwa kwa wajumbe wa baraza, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuyatumia mahakamani na kuyaficha kwao.

Jioni, wajumbe walipokwisha kuamua, Kaleli aliweka mbele ya Kagwe karatasi tatu: fomu yake, fomu ya Bedan, na ukurasa wa daftari la kizuizi. Kagwe alizisoma zote. Alikuwa msomaji mzuri.

"Ulimuua kwa ajili ya nyumba."

"Hapana."

"Kwa ajili ya nini?"

Kagwe alifungua kile kitambaa mkononi, akalitazama jeraha la kioo, akalifunga tena.

"Mimi nilikuwa mbele yake tangu utoto," alisema. "Shuleni, kwa kisu, kazini. Kila kitu alichokuwa nacho kilipita kwa mkono wangu. Na sikuchoka kumpa. Uliza mtu yeyote. Nilimpa hata mtoto."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu sikudhani anaweza kunipita."

Alisema kwamba Jumamosi hakwenda kwa ubaya. Alikwenda kuiona nyumba, kama rafiki. Bedan alimzungusha kila chumba. Alimfungulia mfereji, akaufunga, akaufungua tena. Alimwonyesha jinsi dirisha linavyofunga. Alikuwa na furaha ya mtoto, na Kagwe alivumilia, chumba baada ya chumba, akisema vizuri, vizuri.

"Halafu?"

"Halafu akaniambia, Kagwe, Ruiru ni mbali, unachoka na baiskeli. Njoo uwe unalala hapa siku za kazi. Nitakupa kona ya jikoni." Sauti yake ilipungua. "Alisema kwa upendo, Inspekta. Usiandike kwamba alinitukana. Hakunitukana. Nitakupa, alisema. Bedan, kunipa mimi. Halafu akageuka akaendelea kufagia."

Odhiambo aliyekuwa mlangoni alitazama chini. Kaleli aliandika neno kwa neno.

"Na mfereji?"

"Niliona unamngoja. Nikaona kila kitu mle ndani kinamngoja yeye."

Kaleli aliweka kalamu chini. Kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwa la lazima kwa mashtaka, lakini hakuweza kuliacha. Alimgeuzia zile fomu mbili, akamwonyesha hesabu. Kama Wamboi asingetoka Ruiru, Bedan angekuwa na pointi ishirini na mbili. Kagwe naye angekuwa na ishirini na mbili. Aliyepata wa mwisho angekuwa na ishirini na tatu. Hakuna hata mmoja wao ambaye angepata.

Kagwe aliipitia hesabu kwa kidole, akairudia.

"Tungekosa pamoja," alisema. "Hiyo ningeiweza."

 Nje askari walikuwa wakibadilishana zamu. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake yalikuwa na haja ya kitu.

"Mama Ndung'u amewekwa kwa ile nyumba?"

Kaleli alijua anachoulizwa. Alimfikiria Ngendo akirudisha sufuria zake rafuni, na yule mtoto wa kifua, na alitamani sana kusema ndiyo. Lakini alikuwa ameudai ukweli kwa kila mtu kwa siku nne.

"Hapana. Amebaki Majengo. Wamempa Philip."

Kagwe alifumba macho. Mabega yake yalishuka polepole, akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Philip simjui," alisema. "Akae salama."

Kaleli aliiandika hiyo nayo mwishoni mwa maelezo, kama ilivyosemwa, akamgeuzia karatasi atie sahihi.